Shokapu za Mbele: Fungulia Uani, Springi Mpelekee Mwenye Kifaa

Mwenye gari aliye na jeki nzuri, stendi mbili na boksi la spana anaweza kubadilisha shokapu za mbele, vile vifaa vinavyotuliza mruko wa gari, uani kwake, hapa hapa Kisumu. Kitu kimoja tu asijaribu: kubana springi iliyoizunguka shokapu bila kifaa chake.

Barabara zetu hazina huruma. Ukipanda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa na Chavakali, kila tuta linaisukuma shokapu juu na kuirudisha chini. Sili, ile raba inayozuia mafuta ya ndani yasitoke, ikichoka, mafuta huvuja. Pitisha kidole kwenye mwili wake. Ukikuta vumbi limegeuka tope jeusi la mafuta, usitafute dalili nyingine. Wengi husubiri mpaka igonge, nami nasema huko ni kucheza na maisha, maana tairi linalorukaruka halishiki lami, na breki haina la kufanya.

Kazi yenyewe, kwa nyingi ya gari ndogo za Kijapani tunazoendesha, inaeleweka. Toa gurudumu, achilia mpira wa breki na waya wa ABS (breki zisizokwamisha gurudumu) kwenye vishikio vyake, fungua linki ya stebilaiza, yaani kijiti kinachoiunganisha shokapu na nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona, kisha zile bolti mbili nene za chini. Hizo ndizo hula muda kwa sababu ya kutu, kwa hiyo zinyunyizie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Ukiinua boneti utaona, mara nyingi, nati tatu ndogo zimezunguka moja kubwa. Fungua zile tatu, mtu akiishika shokapu kwa chini isidondoke.

Ile ya katikati usiiguse, tafadhali. Ndiyo inayoizuia springi isifyatuke, na springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya la mtu.

Nimeona springi ikibanwa kwa waya na vipande vya mpira wa tairi, kijana wa gereji kaipigia goti, mwenye gari kasimama kando anaongea na simu. Iliniuma sana. Pakia shokapu zote mbili, uzipeleke pamoja na mpya kwa fundi mwenye kifaa cha kubana springi, azihamishie springi kwenye hizo mpya, umlipe kazi hiyo pekee. Au majirani mchange mkinunue chenu, mjifunze kukitumia.

Nimesema shokapu zote mbili makusudi. Dukani utaambiwa ya pili bado nzima, lakini upande mmoja mpya na mwingine mchovu hufanya gari liyumbe vibaya ukikwepa shimo kwa ghafla. Za mitumba kutoka Japani pia sizishauri: sili yake imeshazeekea chini ya gari la mtu mwingine. Na springi ikishatoka, badilisha raba ya juu pamoja na beringi yake, ili usije ukafungua kila kitu upya kwa ajili ya mlio mdogo wa usukani.

Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisha, kabla ya kufikiria safari ya Busia, nenda alaimenti, magurudumu yapimwe na kunyooshwa. Bolti mbili za chini zina nafasi ndogo ya kucheza, na nafasi hiyo inatosha kulilaza tairi kidogo likaanza kulika ukingo mmoja. Ukirudi nyumbani, kagua tena nati za magurudumu.