John Urschel na kipimo ambacho wenzake hawana

Julai 2017, watafiti wa Boston walitangaza kwamba kati ya bongo 111 za wachezaji waliofariki wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani,, 110 zilikutwa na CTE, ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Siku mbili baadaye John Urschel, mchezaji wa safu ya mbele, ile inayozuia wapinzani kwa mwili, katika timu ya Baltimore Ravens, akastaafu akiwa na miaka 26. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili papo hapo. Mwenyewe alisema anakwenda kumaliza uzamivu wake wa hisabati MIT, chuo kikuu cha Marekani.

Wanaomfanya shahidi dhidi ya mchezo wanakwenda mbio mno. Bongo zile zilitolewa na familia, nyingi zikiwa zimekwisha kuona dalili kwa ndugu zao, kwa hiyo haziwasemei wachezaji wote. Tena Urschel hakudanganywa na mtu. Mwaka 2015 aliandika waziwazi kwamba hatari anazijua, na anacheza kwa sababu anapenda kugongana. Hata tamaa ya fedha huwezi kumsingizia: alikuwa akiendesha Nissan Versa ya mtumba. Mtu mzima, akili timamu, kachagua.

Hoja hiyo ningeikubali yote, isingekuwa yaliyompata Agosti mwaka huohuo. Akiwa kambini aligongwa, akapata mtikisiko wa ubongo. Baada ya wiki kama tatu alikuwa fiti kucheza. Hisabati ngumu ilikuwa bado: uwezo wake wa kuona maumbo kichwani ulichelewa zaidi kurudi.

Hapo ndipo penye uzito. Mwili ulishapona kiasi cha kumzuia mtu wa kilo 130 na ushei, mkono chini kwenye nyasi, mpira ukichezwa tu anajirusha. Ubongo ulikuwa bado una deni. Urschel alilijua kwa sababu kila siku aliupima kwa kazi isiyokubali makosa. Na kwa hawa wa safu ya mbele, vishindo vingi ni vidogo. Havimwangushi mtu wala havimtoi uwanjani.

Urschel alipata uzamivu wake 2021 na sasa anafundisha MIT. Namfurahia kwa dhati. Lakini anapotajwa kama mfano wa mchezaji aliyepima hatari akaamua mwenyewe, namkumbuka yule aliyepanga naye mstari, asiye na hesabu ya kurudia nyumbani usiku. Yeye angejuaje kwamba kuna kitu hakijarudi?