Satelaiti Imepita, na Maji Pia

Bosi wetu wa sampuli za maji kazi ameijulia Ziwa Victoria. Kule unafungua picha ya satelaiti, unaona magugu maji yalivyojazana Ghuba ya Winam, unatia alama zako kwenye jipiesi, asubuhi unapanda boti. Ziwa utalikuta palepale ulipoliacha. Kwa hesabu hiyohiyo akaja kutupangia safari ya hori la Tudor, mkono wa bahari hapa Mombasa.

Picha yenyewe, ya satelaiti ya Sentinel-2, ilipendeza, sisemi uongo. Nukta moja ni mita 10 kwa 10, na upande wa Mikindani ulionekana utepe wa maji rangi ya chai ya maziwa.

"Hapo ndipo penye kazi," akasema. "Tufike saa nne na nusu, satelaiti ikipita, tuteke maji yaleyale inayoyapiga picha."

Hapo alikuwa na haki, bila hivyo vipimo vyako utavilinganisha na nini? Ila picha ilikuwa ya siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kutoka sana, ambapo saa hizo hori huwa lina maji.

Nahodha akaitazama ile karatasi, kisha akayatazama maji. "Babangu, leo bamvua, maji yajaa sana na kutoka sana. Saa nne hapo ni pakavu."

"Mzee, hii imetoka angani."

"Haya."

Mzee wa Mombasa akikwambia haya namna ile, shuka botini.

Hatukushuka. Boti ikakita topeni. Bosi, kwa heshima zote, akateremsha ile sahani nyeusi na nyeupe ya kupimia uangavu wa maji. Ikalia pwata. Akasoma kamba: "Sentimita 12."

"Niandike uangavu au kina?" nikauliza. Hakunijibu. Akanipa chupa nikateke kwenye kidimbwi kilichobaki.

Tope likanimeza hadi mapajani, ndara moja likabaki nayo hadi leo. Kituo namba 4 nilikikuta kina mama mmoja na ndoo, atafuta kaa. Akaniangalia, akaiangalia chupa. "Mwanangu, wateka maji ama wayatafuta?"

Picha ya siku ile ilipotoka, programu ilikuwa imepapaka pale petu rangi ya nchi kavu. Tukamwonyesha nahodha.

"Kumbe yajua!" akasema. "Basi iulizeni nani anilipa zile saa za kungoja maji yajae."