Hasira ya Nehemia na mikopo ya kausha damu

Mama mmoja wa mtaani kwetu, na wapo wengi kama yeye, amekopa shilingi 200,000 kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali. Marejesho ya wiki mbili yamemshinda, wakaja kubeba kochi, runinga na jiko la gesi. Anafika kwa mchungaji akitetemeka kwa hasira. Mara nyingi ataambiwa: samehe mama, hasira ni dhambi, tuombe.

Jibu hilo lina mizizi mirefu, na si haki kulibeza. Yakobo anasema hasira ya mwanadamu haitendi haki ya Mungu. Musa aliupiga mwamba mara mbili kwa jazba, akaishia kuitazama Kanaani kwa mbali. Yohana Kasiano, mwalimu wa watawa wa karne ya 5, hakuruhusu hasira yoyote isipokuwa ile ya kuzikasirikia dhambi zako mwenyewe. Ukifunikwa macho kwa bamba la dhahabu au la risasi, alisema, upofu ni ule ule; yaani hasira iwe na sababu njema au isiwe nayo, inapofusha. Na wahenga wa pwani wanajua anayefaidi: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Mama yule akimrushia mkopeshaji jiwe, atalala mahabusu yeye, na deni litabaki pale pale.

Lakini ipo sura ambayo mahubiri hayo huipita haraka, nayo ni Nehemia 5. Njaa imeingia Yuda, kodi ya mfalme wa Uajemi inadaiwa, watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, na watoto wao wanaingia utumwani. Wanaowakopesha si wageni, ni Wayahudi wenzao. Nehemia, liwali wa mfalme huko Yuda, anaandika bila kujitetea: "Nami nikakasirika sana." Hakuna mstari unaomkemea. Kisha, kabla hajamkabili mtu, akafanya shauri na nafsi yake.

Maneno hayo machache nimeyarudia kuliko mengine yote ya kitabu hicho. Hatuambiwi shauri lilichukua muda gani, ila tunaona lilichozaa. Hasira haikuzimwa, ilipewa pa kwenda. Hakuwafokea watumishi wa nyumbani kwake. Aliwaendea wakuu wenyewe, akaitisha mkutano mkubwa, akadai vitu vinavyohesabika: mashamba yarudishwe, nyumba zirudishwe, na ile sehemu ya mia waliyotoza irudishwe, siku hiyo hiyo. Moja kwa mia! Wafasiri wengi huisoma kuwa ni ya kila mwezi, yaani 12 kwa mia kwa mwaka. Hiyo ndiyo iliyomwasha liwali wa mfalme. Kausha damu hutoza zaidi ya hapo, na sisi tunamwambia aliyekaushwa atulie.

Tena tazama mstari wa 10. Anakiri kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao wanakopesha fedha na nafaka, akaomba wote waiache riba. Naamini hilo alilikuta katika shauri lile. Hasira yake ilipitia kwanza daftari lake mwenyewe, na hapo ndipo naona Kasiano anajibiwa: aliyejiona yumo kwenye kosa, lile bamba limeshamtoka machoni.

Hata "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" ya Waefeso 4:26 tumeigeuza kiboko cha kumharakisha aliyeumizwa aseme amesamehe kabla ya usiku. Paulo hapo, anaposema "mwe na hasira, ila msitende dhambi", anachukua maneno ya Zaburi ya 4, na zaburi hiyo inaendelea kumtaka mtu atafakari kitandani mwake na kutulia. Kutafakari si kufuta. Isitoshe, Kumbukumbu la Torati 24:15 linamwekea jua hilo hilo tajiri: ujira wa maskini ulipwe kabla halijachwa.

Wakuu walipokubali, Nehemia hakuridhika na ahadi. Aliwaita makuhani, kikaliwa kiapo. Mchungaji wetu naye anaweza kuuomba mkataba wa mama yule, wausome pamoja mstari kwa mstari, waulize kama mkopeshaji ana leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018, kisha afuatane naye kwenda kudai vyombo vyake. Na kama mkopeshaji ni muumini wa kanisa hilo hilo, amwite ofisini wiki hiyo hiyo, akae kwenye kiti kile kile alichokalia mama.