Wakili wa fidia akikalia kiti cha mwamuzi

Wakili wa fidia kwa wafanyakazi huanza na upande: ama anamtetea aliyeumia kazini, ama anaitetea bima ya mwajiri. Miaka inapita, jina linajulikana, kisha anaombwa awe mwamuzi, nje ya mahakama, wa mashauri ya aina ileile aliyokuwa akiyapigania. Je, anafaa?

Wanaosema anafaa wana hoja nzito. Fidia ina ufundi wake. Ujerumani ilipotunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga yake mwaka 1897, swali la nani alizembea liliwekwa kando: umeumia kazini, unalipwa. Katika nchi nyingi mfanyakazi, kwa upande wake, hawezi tena kumshtaki mwajiri adai zaidi. Yanayobaki kubishaniwa ni ya kitabibu. Mgongo umeharibiwa na mizigo au na umri? Ulemavu ni asilimia 10 au 30? Aliyetumia nusu ya maisha yake akisoma ripoti za madaktari anaitambua iliyoandikwa kwa haraka. Tena usuluhishi wa namna hii huenda mbio kuliko mahakama, na mtu asiye na mshahara hana muda wa kungoja.

Wapinzani husema moyo wake utabaki alikotoka. Hilo halinisumbui sana, kwa kuwa wateja wa zamani wanaweza kutajwa na pingamizi likawekwa. Kinachonitia hofu ni riziki ya kesho. Pale ambapo mwamuzi ni wa kulipwa kwa shauri na huchaguliwa na wahusika, aliyekatika mkono huja mara moja maishani. Kampuni ya bima hurudi kila mwezi. Hapahitajiki rushwa. Inatosha mwamuzi kujua nani atampigia simu tena.

Na mlango umefungwa. Tuzo, yaani uamuzi anaoutoa mwamuzi, kwa kawaida haichapishwi, na mahakama huitengua kwa sababu chache tu. Kukosea kupima ushahidi si mojawapo.

Hapo ndipo ninapokumbuka New York. Tarehe 24 Machi 1911, mahakama ya juu ya jimbo hilo ilibatilisha sheria ya fidia, ikisema inamnyang'anya mwajiri mali yake kinyume cha katiba. Kesho yake kiwanda cha nguo cha Triangle kiliwaka moto, wakafa watu 146. Uamuzi ule ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa hadharani: watu waliusoma, wakaukasirikia, na mwaka 1913 katiba ya jimbo ikarekebishwa. Ungetolewa faraghani, wangekasirikia nini?

Kwa hiyo mimi namkubali wakili huyu kitini, kwa masharti. Apangiwe mashauri kutoka orodha ya umma ya waamuzi, malipo yake yasitoke kwa upande mmoja, ataje pia waliomteua miaka ya karibuni, na tuzo zake zichapishwe bila majina.

Sharti la mwisho lina ugumu wa kweli. Kufuta jina hakumfichi mtu katika mji wenye kiwanda kimoja, ambako kila mmoja anajua nani alipoteza mkono. Uamuzi wa kuchapisha au kutochapisha maelezo ya mwili wake ningemwachia yeye aliyeumia, si bima. Sababu za kisheria na kiasi alicholipwa zichapishwe vyovyote vile.