Sheria Inalinda Sare, Binti Imemwacha

Chukua mabinti wawili wa mtaa mmoja, wote wana miaka 15. Mmoja yuko kidato cha pili. Mwenzake matokeo ya darasa la saba yalimwangusha, sasa yuko nyumbani anamsaidia mama yake kuuza vitumbua. Mwanamume akimwoa yule wa kwanza, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamwandalia kifungo cha miaka 30. Akimwoa wa pili, na baba mtu akaridhia, anaandaliwa pilau.

Sijatia chumvi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinataka mwanamume aoe akiwa ametimiza miaka 18, ila mwanamke aweza kuolewa akiwa na 15. Kifungu hichohicho kinairuhusu mahakama kushuka hadi 14 pakiwa na sababu maalumu. Kifungu cha 17 kinamtaka binti aliye chini ya 18 apate idhini ya baba, na baba akiwa amefariki, idhini ya mama. Halafu ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayosema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, basi.

Kinachonikera zaidi kimo kwenye Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 130 kinasema kumwingilia binti wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe ameridhia au hakuridhia. Isipokuwa, na hapa soma taratibu, awe ni mke wa mhusika, ametimiza miaka 15, na hawajatengana. Kwa hiyo tendo ambalo Jumatatu lingempeleka mtu jela, Jumamosi baada ya ndoa linaitwa unyumba. Ukiwa baba wa binti aliyeharibiwa na mtu mwenye ng'ombe, hujui sheria inakuambia nini? Inakuambia yamalizeni nyumbani. Na yanamalizwa. Ofisi za watendaji wa vijiji zinazijua hizo kesi kuliko mahakama.

Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, shirika linalotetea wasichana, alivipeleka vifungu vya 13 na 17 Mahakama Kuu. Julai 2016 mahakama ikasema vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Serikali ikakata rufaa. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba vifungu hivyo vinamsaidia binti asije akazaa nje ya ndoa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo na kuagiza umri uwe 18 kwa wote, tena ndani ya mwaka mmoja. Oktoba 2020 ikaja ikapita. 2024 nayo ikaisha, kifungu kiko palepale.

Jibu tulilokuwa tukipewa miaka yote hiyo ni kwamba maoni ya wananchi yanakusanywa. Maoni ya nini? Mahakama ya juu kabisa nchini imeshasema, na haikusema "kama wananchi watapenda". Mwenye deni akishindwa kesi haruhusiwi kwenda kuwauliza majirani kama alipe. Nina wasiwasi pia na nani hasa anaulizwa. Mikutano ya namna hiyo huwaita viongozi wa dini, wazee wa mila na viongozi wa kijiji. Yule wa vitumbua hapati barua ya mwaliko.

Hoja ya dini siipuuzi. Wapo Waislamu wenzangu wanaoamini kwamba mpaka ni balehe na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuusogeza. Lakini sheria hiyohiyo ya 1971 iliweka miaka 15, na msichana anaweza kubalehe akiwa na 11 au 12. Bunge liliusogeza mpaka miaka zaidi ya 50 iliyopita na misikiti haikufungwa. Tunabishana kuhusu namba ya miaka mitatu, tusijidai tunabishana kuhusu msingi wa dini.

Hoja ya baba mwenye hofu inaniuma zaidi, kwa sababu ni ya kweli. Binti amekaa nyumbani, shule hana, kazi hana, bodaboda wanapiga honi nje ya uzio. Baba anaona heri aolewe kuliko apate mimba hapohapo. Ila hebu tuulize ni nani aliyemweka binti nyumbani. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 Rais Magufuli akatangaza hadharani kwamba katika utawala wake hakuna atakayerudi. Mpaka Novemba 2021, Waziri wa Elimu Profesa Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, Serikali yenyewe ilikuwa ikiwavua mabinti sare na kuwasogeza upande ambao kifungo cha miaka 30 hakifiki. Wapo pia wazazi wanaomwambia mtoto ajaze majibu ya ovyo kwenye mtihani wa darasa la saba, ili afeli na mahari iingie. Wazazi hao wameielewa sheria vizuri mno.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha mahari, upande wa bibi harusi, wilaya sitaitaja. Alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia. Wazee walivutana weee juu ya mitamba na blanketi la bibi, mshenga akitoka nje na kurudi, akitoka na kurudi. Walipoafikiana ndipo binti akaitwa kutoka jikoni, kanga mpya kichwani, mikono bado ina unga. Baba mdogo akamuuliza: "Hawa wageni unawajua? Tule vyao au tusile?" Akamtazama shangazi yake kwanza. Shangazi akaitikia kwa kichwa, kidogo sana. "Kuleni," akasema. Vigelegele.

Kifungu cha 16 kinasema ndoa haifungwi bila ridhaa ya hiari ya kila mmoja wao. Pale kikaoni mtu akiuliza, ridhaa ilipatikana na mashahidi tuko ukumbi mzima. Mtu ambaye haruhusiwi kupiga kura alikuwa ametoa ridhaa ya maisha yake yote mbele ya wanaume waliokwisha kugawana ng'ombe.

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 uliwakuta asilimia 31 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Wengi wa hao hawakuhitaji kuvunja sheria. Kenya iliandika 18 kwa wote katika Sheria yake ya Ndoa ya 2014, Uganda iliiweka kwenye Katiba ya 1995. Najua kwamba kwa majirani hao ndoa za watoto hazijaisha. Lakini huko anayempinga baba yake ana pa kushika.

Na muswada ukifika bungeni, wabunge wasikomee kwenye Sheria ya Ndoa. Wafute pia ule msamaha wa kifungu cha 130. Ukibaki, mwanamume aliyechukua binti wa miaka 15 kwa ng'ombe wanne atasimama kizimbani na kusema huyu ni mke wangu wa kimila, na wakili wake atakuwa na kifungu cha kusoma.