Mwacheni mtoto amshike chura

Masika ikianza, madimbwi hujaa viluwiluwi na watoto huanza kuokota mawe. Anayemsogelea chura kwa upole ndiye anayefokewa: "Mwache huyo, mchafu!" Darasani mtoto huyohuyo atachora yai, kiluwiluwi na chura, apate vema, ilhali hajawahi kumtazama chura hata dakika tano. Tunawanyima watoto utamu wa sayansi, na inaniuma.

Chota viluwiluwi vichache, uviweke kwenye beseni pana lenye maji ya dimbwi lenyewe, maana ya bomba yana klorini. Vilishe mchicha uliochemshwa, kidogo tu. Miguu ya nyuma hutangulia, ya mbele hufuata, kisha mkia unaanza kusinyaa. Haukatiki, mwili unaunyonya mpaka unaisha, na mtoto atakuuliza umekwenda wapi. Hapo weka jiwe lililochomoza juu ya maji, kwa kuwa chura mchanga anapumua kwa mapafu na anaweza kuzama. Mwisho warudisheni dimbwi lilelile, kwani kuna kuvu wa ngozi anayeua vyura na huhama pamoja na maji. Mikono inawe kwa sabuni, basi.

Akishayajua hayo, msimulie habari za chura wa Kihansi, anayekiuka mchoro wote wa kitabuni: hatagi mayai, huzaa vyura wadogo waliokamilika. Ni wa Tanzania pekee, mdogo kuliko kidole gumba, na aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, ujenzi wa mradi wa umeme ukiwa umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Na tangu 2012 vizazi vya wale waliohamishwa vimekuwa vikirudishwa korongoni.

Mtoto wa darasa la nne atauliza kama taa zetu ndizo zilizomuua chura. Usimkwepe. Mwambie umeme ulihitajika kweli, na maji yalipunguzwa mno. Mwambie pia yalifungwa mabomba ya kunyunyizia ili kuiga maporomoko, vyura wakaongezeka kwa muda, halafu mwaka 2003 wakapukutika, na kuvu yule wa ngozi akakutwa miongoni mwao. Akiuliza zaidi, kaeni mtafute majibu pamoja.