Msiba wa Kumasi sio ile klipu mnayochekea

Shemeji yangu kanitumia tena ile klipu ya wabeba jeneza wanaocheza, chini kaandika eti shem hebu tuambie, mbona kwenu Ghana kufiwa ni sherehe. Hiyo klipu nimeiona tangu 2020 kipindi cha corona, dunia nzima ilikuwa inatumiana, nimechoka nayo jamani. Kwanza wale vijana wa Benjamin Aidoo ni wa Prampram, huko pwani upande wa Accra. Na yale majeneza ya umbo la samaki, kakao na Mercedes ambayo najua ndo yatafuata, hayo ni kazi ya mafundi wa kabila la Ga wa Teshie, hukohuko Accra, karakana ya marehemu Seth Kane Kwei ipo mpaka leo. Mimi ni Mwasante wa Kumasi, kabila jingine kabisa. Ni sawa na kumdai Mhaya mdundiko.

Mimi Dar ndo kwangu, nimeolewa hapa, watoto wanaongea Kiswahili kuliko Kitwi, lakini kitu kimoja bado kinanikaa kooni, jinsi mnavyozika haraka. Mama jirani niliyekuwa nanunua kwake maandazi kafariki alfajiri, mie nimeenda Kariakoo, kurudi jioni naambiwa kashazikwa baada ya alasiri. Najua, maiti hacheleweshwi, dini imesema, sibishani na hilo. Ila nilibaki nimesimama tu pale kwenye turubai, mtu wa kumlilia hayupo. Kwetu yule mama angewekwa mochwari mpaka mwanawe aliyeko Uholanzi apate ruhusa kazini, mpaka ukoo wa mama yake ukae kikao, maana kwetu maiti ni ya ukoo wa mama, sio ya mume wala ya watoto, na neno la mjomba pale ni zito kweli kweli.

Na Jumamosi yenyewe ikifika Kumasi unaona barabara zimejaa watu waliovaa nyeusi na nyekundu, vitambaa vimefungwa begani, na kama aliyekufa ni mzee aliyekula chumvi nyingi basi utaona nyeusi na nyeupe. Ukiingia hukai kwanza, unaanza kusalimia watu kwa mkono, kutoka kulia kwenda kushoto, mstari mzima, hata wawe mia, hurukii mtu. Halafu ngoma zinaanza, mwanamke anaingia kati kucheza adowa, polepole, anapandisha mikono miwili anaiweka kichwani, na hapo kila mtu pale anajua anasema nini, kwamba kaachwa peke yake. Yule analia jamani! Analia kwa mikono na miguu mbele ya watu, na watu wanamjibu. Sasa uniambie hiyo ni sherehe?

Halafu nikishamaliza kuwatetea watu wa kwetu nakasirika mwenyewe, maana yale ya kwetu nayajua. Mzee kaishi kwenye nyumba inayovuja miaka yote, kafa, ndo unaona bati zinabadilishwa na ukuta unapakwa rangi ili wageni wasiseme. Akiwa mgonjwa simu hazipokelewi, akifa watu wanatoka London na New York na kitambaa cha sare kimeshashonwa. Waakan wenyewe, ndo kundi tuliomo sisi Waasante, wanasema ukoo unapenda maiti, wamesema tangu zamani na hawajaacha. Kuna mtu na maiki anatangaza nani katoa sedi ngapi, ndo hela ya kwetu, risiti inaandikwa, na michango isipofikia gharama, ukoo unagawana deni. Na ukoo huohuo wakati mwingine ndo unaomgeukia mjane. Ilibidi ije sheria ya 1985 kusema mtu akifa bila wosia, nyumba na vyombo vya ndani viende kwa mjane na watoto, na bado mpaka leo kesi haziishi.

Najua kuna atakayesema huyu anakula ugali wetu halafu anatukosoa. Sikosoi. Kwenye msiba wa baba mkwe nimeona wanawake wa mtaa wanakuja na sufuria zao na mchele wao bila kuitwa, daftari la rambirambi limetulia mezani, hakuna anayesomewa alichotoa, elfu mbili na laki mbili zote zinapokelewa kwa heshima ileile. Hilo nimelipenda na nawaambia ndugu zangu wa Kumasi kila siku walichukue. Ila na nyie msijifanye hamjui kusubiri, Mchaga akifa hapa Dar si anasafirishwa mpaka Kilimanjaro akazikwe kihambani kwao, mbona huyo hamumcheki?

Na wale wa nyumbani wanaosema nimekuwa Mswahili, nataka kumzika mama yangu kama mtu asiye na ukoo, wanisikie vizuri. Kaka zangu nishawaambia. Mama akiondoka mochwari isizidi wiki mbili, maiki ya kutangaza hela sitaki kuisikia, kitambaa kila mtu avae alichonacho kabatini. Lakini adowa ichezwe, na mkono tupeane mstari mzima. Hela ya bati nimeshatuma, fundi anaanza Jumatatu, mama mwenyewe kashachagua rangi ya ukuta.